Kiti cha Benki Sebuleni

Leo nimechagua jambo la nyumbani kabisa: tafrija ya michezo ya kasino. Ni ile jioni ambayo mwenyeji anatandika kitambaa cha kijani mezani, anatafuta pakiti mbili tatu za karata, anawagawia wageni vipande vya rangi badala ya pesa, na sebule inageuka kwa saa chache kuwa mfano wa zile kumbi tunazoziona kwenye filamu. Nimealikwa kwenye siku ya kuzaliwa ya namna hiyo, nimealikwa kwenye hafla ya kumuaga mfanyakazi mwenzetu, na nyumbani kwangu pia nimeandaa. Ni tafrija ninayoipenda. Na kwa kuwa naipenda, nina hoja moja ninayoomba tuelewane: usiandae usiku wa kasino ambao wageni wote wanabashiri na hakuna anayekaa upande wa benki. Kila aliyekuja akalie kiti cha benki, hata kama ni kwa robo saa. Usipofanya hivyo umewaonyesha watu nusu ya mchezo, na ile nusu uliyoificha ndiyo inayowala vijana wetu kila siku kwenye simu.

Tuanze na vifaa, maana hapo ndipo wengi wanapoahirisha. Wanadhani lazima wanunue gurudumu la ruleti, masanduku ya chipu za plastiki na meza maalumu. Hakuna haja. Kwa madau, vizibo vya soda vinatosha: vya rangi moja vihesabiwe moja moja, vya rangi nyingine vihesabiwe tano tano. Mwenye bao nyumbani anazo kete 64 za komwe, zinashikika vizuri mkononi kuliko hata chipu zenyewe. Kila mgeni apewe thamani sawa, tuseme 50, na aambiwe mapema kwamba zikiisha zimeisha, au arudi benki akope mbele ya watu wote na deni liandikwe ubaoni. Hilo la ubao msilipuuze, nitalirudia.

Ruleti nayo ni rahisi. Kata karatasi ya manila vipande 37 vinavyolingana. Viandike namba kuanzia sifuri hadi 36. Namba za witiri zipake nyekundu, za shufwa nyeusi, sifuri iwe kijani. Gurudumu halisi limepangwa rangi zake kwa utaratibu mwingine, lakini hesabu ni ile ile: nyekundu 18, nyeusi 18, kijani moja. Vitie kwenye kikapu chenye kifuniko, tikisa, mgeni mmoja atazame pembeni achomoe kimoja, asome kwa sauti, kisha akirudishe. Kukirudisha ni lazima. Kisiporudi, kila raundi inaharibu hesabu ya raundi inayofuata. Juu ya kitambaa chora kwa chaki visanduku vya namba zote, na pembeni visanduku viwili vikubwa, cha nyekundu na cha nyeusi. Aliyeweka kwenye rangi ikatoka, analipwa kizibo kwa kizibo. Aliyeweka kwenye namba moja ikatoka, analipwa 35 na kurudishiwa kile alichoweka. Sifuri ikitoka, wote walioweka kwenye rangi wameliwa.

Sasa, kabla ya mtu yeyote kuanza kucheza, fanya jaribio hili hadharani. Chukua vizibo 37 uweke kimoja kwenye kila namba, kuanzia sifuri hadi 36, bila kuacha hata moja. Waulize wageni: kuna namba inayoweza kutoka nikaikosa? Hakuna. Nimezishika zote. Chomoa karatasi. Itoke 8, itoke 23, itoke sifuri, lipa kwa haki kabisa: vizibo 35 na kile kilichokuwa juu ya namba hiyo. Hesabu mbele yao. Uliweka 37, mkononi una 36. Rudia, utaona jambo lile lile. Umepatia kila mara, na kila mara umetoka na pungufu ya kimoja. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyefunga karatasi kwa ujanja, hakuna bahati mbaya. Kizibo kile kimoja ndiyo kasino nzima. Taa zake, mazulia yake, mishahara ya wafanyakazi wake, vinywaji inavyowagawia watu bure, vyote vinalipwa na kizibo hicho.

Na historia yake inajulikana. Mwaka 1843, ndugu wawili Wafaransa, François na Louis Blanc, walianzisha mezani kwao huko Bad Homburg, Ujerumani, gurudumu lenye sifuri moja, wakati washindani wao walikuwa na sifuri mbili. Walipunguza makato yao kwa hiari. Walijua kwamba mtu anayeliwa polepole hukaa mezani muda mrefu na kesho yake hurudi. Marekani waliendelea na sifuri mbili, na hadi leo gurudumu la kule lina nafasi 38 huku malipo ya namba yakibaki yale yale 35. Kwa hiyo kwenye gurudumu la sifuri moja benki inabakiza wastani wa asilimia 2.7 ya kila dau, na kwenye lile la sifuri mbili ni asilimia 5.3.

François Blanc ndiye aliyechukua kasino ya Monte Carlo mwaka 1863, katika nchi ndogo ya Monaco iliyokuwa haina fedha. Miaka sita baadaye, mwaka 1869, mtawala wake, Mwanamfalme Charles wa Tatu, aliwafutia wananchi kodi ya mapato, kwa kuwa fedha za kasino zilitosha kuendesha nchi. Na wananchi hao hao wa Monaco wamekatazwa kucheza kamari katika kasino yao. Wageni waje, wao hapana. Ningependa kila kijana anayebeti alijue hilo. Watu waliokaa karibu kabisa na meza ya ruleti, waliojenga nchi kwa faida yake, waliamua kwamba raia wao wasikae upande wa kubashiri.

Ndiyo maana nasema habari za kiti. Nyumbani kwa binamu yangu Tanga, tulipoweka ruleti ya makaratasi, shangazi yetu alikataa kubashiri. Ni mama aliyeuza vitambaa sokoni miaka mingi, na alisema yeye hatoi kitu chake bila kujua anapewa nini. Tukamwomba basi akae benki. Akapokea, akalipa, akapokea, akalipa, hesabu zake hazikukosea hata mara moja. Baada ya muda akasimamisha mchezo.

“Nyie watoto, mbona rundo langu linapanda na mimi sijabashiri kitu?”

“Shangazi, si wewe ndiye benki?”

“Najua mimi ndiye benki. Nauliza faida yangu inatoka wapi. Sokoni nalipa ushuru, nalipa pango, nabeba mzigo, kuna siku nauza na kuna siku sina mteja. Hapa nimekaa tu. Mnanilipia nini?”

Hakuna aliyekuwa na jibu la haraka. Kijana mmoja wa familia, ambaye sote tunajua huwa anaweka mikeka ya mpira kila mwisho wa wiki, aliomba akae yeye kwenye kiti hicho. Akaomba na daftari. Akawa anaandika kila raundi: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Nimesikia mahubiri mengi juu ya kamari na nimesoma makala nyingi, lakini sijaona mtu akilisikiliza jambo hilo kwa makini kama kijana yule alivyokuwa akiisikiliza hesabu yake mwenyewe.

Ni haki niseme pia upande wa pili. Usiku mmoja benki inaweza kuliwa. Mgeni akiweka vizibo vingi kwenye namba moja na namba ikatoka, rundo la benki linaweza kumalizika. Mwenyeji asiogope hilo wala asilifiche, maana ni sehemu ya somo. Kasino haitegemei usiku mmoja. Inategemea kwamba mlango uko wazi kesho, na keshokutwa, na mwaka ujao. Inaweka pia kiwango cha juu cha dau ili mteja mmoja asiweze kuiangusha kwa mpigo. Mchezaji ndiye anayetegemea usiku mmoja. Akishinda, anausimulia usiku huo miaka kumi.

Piga hesabu hii na wageni wako. Tuseme mko wanane, kila mmoja anaweka vizibo 10 kila raundi. Mezani panakaa 80. Mkicheza raundi 30, vizibo vilivyopita mezani ni 2,400. Gawanya kwa 37: wastani wa kinachobaki benki ni karibu 65. Lakini mlianza na 50 kila mmoja, yaani 400 kwa jumla. Mtu akisikia asilimia 2.7 anaona si kitu, na kwa dau moja kweli si kitu. Ila vizibo vile vile 400 vimezungushwa mara sita, na kila mzunguko umekatwa. Dau likizungushwa upesi, makato yanakuwa makubwa, hata kama kiwango chenyewe hakijapanda.

Katika kila kundi hutokea mmoja mwenye mbinu. Atasema: nikiliwa moja naweka mbili, nikiliwa mbili naweka nne, nakwenda nikizidisha, siku nikipata nimerudisha zote na faida juu. Mruhusu aijaribu. Moja, mbili, nne, nane, 16, 32: akiliwa mara sita mfululizo ametoa 63, na alikuwa akitafuta faida ya kizibo kimoja. Kuliwa mara sita mfululizo kwenye rangi hutokea kwa wastani mara moja katika kila safari 55 hivi. Basi safari 54 atavuna kimoja kimoja na kujiona bingwa, na ya 55 itachukua 63. Kikundi kikicheza jioni nzima, safari hiyo ya 55 mara nyingi inamkuta mmoja wenu, na ni vema imkute akiwa ameshika vizibo vya soda.

Mwingine atakwambia nyeusi imetoka mara nne, sasa ni zamu ya nyekundu. Msimulie kilichotokea Monte Carlo tarehe 18 Agosti 1913. Mpira uliangukia nyeusi mara 26 mfululizo. Kadiri nyeusi ilivyorudi ndivyo watu walivyozidi kumimina pesa kwenye nyekundu, wakiamini haiwezekani isifike zamu yake, na ndivyo walivyofilisika. Karatasi iliyorudishwa kikapuni haijui kama imetoka sasa hivi.

Tuje kwenye karata. Mchezo unaofaa nyumbani kuliko yote ni ishirini na moja, ule wanaouita blakijeki. Kila mmoja anapewa karata mbili, anaruhusiwa kuomba nyingine, lengo ni kuikaribia 21 bila kuivuka. Mzungu wa pili, wa tatu na wa nne, yaani zile karata za picha, kila moja ni kumi. Ree, ambayo vijana wanaiita ase, ni moja au kumi na moja, upendavyo. Benki haina uamuzi wowote: ikiwa na 16 kushuka chini inaongeza, ikifika 17 inasimama. Kwa hiyo hata bibi ambaye hajawahi kushika karata za namna hiyo anaweza kuwa benki baada ya maelezo mafupi.

Wageni wako watauliza mara moja: kama benki imefungwa mikono hivi, faida yake iko wapi? Waache watafute wenyewe, inafurahisha kuwasikia wakibishana. Jibu liko kwenye mpangilio wa zamu. Mchezaji hutangulia. Akivuka 21, vizibo vyake vinachukuliwa papo hapo. Halafu benki nayo inacheza, na ikivuka 21, wale waliokwisha kuanguka hawarudishiwi chochote. Wote wawili wameanguka, lakini aliyeanguka wa kwanza ndiye aliyelipa. Katika ruleti ni sifuri, katika ishirini na moja ni zamu. Kila mchezo wa kasino una mahali pake pa namna hiyo, na raha ya jioni kama hii ni kupasaka.

Yuko aliyepasaka akapapata. Mwaka 1962 mtaalamu wa hisabati wa Marekani, Edward Thorp, alitoa kitabu akionyesha kwamba mtu anayefuatilia karata zilizokwisha kutoka anaweza kujua wakati zilizobaki zinampendelea, akaongeza dau wakati huo. Alikuwa sahihi. Kasino zikajibu kwa kuchanganya pakiti nyingi pamoja na kuwatoa nje waliobainika kuhesabu. Nawaomba wazazi wenye watoto wanaochukia hesabu waizingatie habari hii. Kijana anayesema uwezekano ni mada ngumu shuleni, atakaa mezani kwako akikumbuka ree ngapi zimetoka na ngapi bado.

Poka ina neno lake. Mwenyeji akimwalika mgeni kutoka Nairobi na kumwambia tutacheza poka, wakubaliane kwanza wanazungumza mchezo gani. Kule Kenya watu wengi wakisema poka wanakusudia ule wa kumaliza karata mkononi, ambao nane na kwini ni maswali, jeki inaruka mtu, mbili na tatu zinakuokotesha, na anayekaribia kumaliza sharti atangaze “niko kadi”. Ni mchezo mzuri kweli kweli, na kwa maoni yangu unachangamsha sebule kuliko poka ya kasino ambayo nusu ya watu hukaa kimya wakifichana nyuso. Weka yote miwili, meza mbili tofauti. Wazee nao wawe na kona yao ya wahedusitini, au dhumna, au keram yenye poda ya kutosha. Usiku wa kasino usimlazimishe mtu kuacha mchezo anaoujua.

Kuhusu chakula nitasema moja tu: mafuta na karata haviendi pamoja. Korosho, karanga kavu, vipande vya matunda vyenye vijiti, juisi ya ukwaju, hivyo viwe karibu na meza. Sambusa, kachori na mishkaki vikae chumba kingine na michezo isimame watu wakale. Kusimama huko kuna faida nyingine, na ndiyo sababu nasema pia tundika saa kubwa ukutani mahali kila mtu anaiona. Kumbi za kasino mara nyingi hazina saa wala madirisha. Mtu anaingia mchana anatoka usiku wa manane bila kujua. Nyumbani kwako fanya kinyume. Tangaza mwisho wa mchezo tangu mwanzo, tuseme saa nne na nusu, na uheshimu tangazo lako.

Natasha Dow Schüll, mwanaanthropolojia wa Marekani, alitoa kitabu mwaka 2012 kuhusu watu wanaocheza mashine za kamari Las Vegas. Wengi wa waliozungumza naye walimweleza kwamba hawakuwa tena wakicheza ili washinde. Walicheza ili waendelee kucheza, wabaki katika ile hali ambayo mawazo ya nyumbani, ya deni, ya kazi, yanapotea. Mtu peke yake, mashine yake, kitufe, hakuna wa kumsemesha. Nikisoma hayo nawaona vijana wetu kwenye daladala, kichwa kimeinama, wanatazama ile ndege ya mchezo wa kamari inayopanda kwenye simu na kuombea isiondoke kabla hawajabonyeza. Raundi inakwisha kwa sekunde, inaanza nyingine. Yale makato yanayozungushwa mara sita katika jioni nzima ya vizibo, kwenye simu yanaweza kuzungushwa mara mamia kabla ya usiku kuisha. Na hakuna ubao wa kuandika deni mbele ya watu. Ndiyo maana nikasema ubao usipuuzwe: mtu anayekwenda kukopa vizibo kwa mara ya tatu huku shangazi na wajomba wanasoma jina lake ubaoni, anapata nafasi ya kujitazama.

Na kama una mpenzi wa mikeka nyumbani, ongeza hesabu hii ya mwisho. Tuseme kampuni inakata asilimia tano tu katika kila mechi. Ukibashiri mechi moja, kati ya kila shilingi 100 zinazowekwa, wastani wa 95 zinarudi kwa wachezaji. Ukiunga mechi kumi katika mkeka mmoja, makato yale yanazidishana kila mechi, na kinachorudi kwa wastani ni kama shilingi 60. Ule mkeka mrefu unaoahidi mamilioni kwa mia tano ndio unaokatwa zaidi. Watu husema mkeka umechanika kwa timu moja, kana kwamba tatizo ni timu hiyo. Urefu wa mkeka ndio uliochana.

Nizungumze sasa na wale ambao nyumba zao haziruhusu hata mfano wa mambo haya. Katika Uislamu kamari imekatazwa waziwazi, Sura ya al-Maida imeitaja pamoja na ulevi, na wapo wanazuoni wanaokataza dadu na karata hata pasipo dau. Madhehebu mengi ya Kikristo nayo yana msimamo mkali. Mwenyeji muungwana hamwaliki jirani wa namna hiyo kisha akamwambia “si mchezo tu?” Amweleze mapema kilichoandaliwa, au abadilishe mpango. Bao la Kiswahili, lenye mashimo 32, lina kina kuliko michezo yote niliyoitaja leo, na halina sifuri wala benki. Anayeshinda ameshinda kwa kichwa chake. Mwalimu Nyerere alilicheza na kulipenda.

Na kama miongoni mwa wageni wako yuko anayepambana kuacha kubeti, usiandae ruleti siku hiyo. Hata ya makaratasi. Mtu aliyeuza simu yake kulipa madeni ya kamari hahitaji kusikia mlio wa kikapu na kelele za “nyekundu! nyekundu!” Cheza naye keram. Kwa watoto nashauri hivi: wadogo wasikae meza za kubashiri, na vijana wa sekondari wakikaa, waanzie upande wa benki, na wenye daftari wawe wao. Huko mitaani sheria inazuia aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, na sisi nyumbani tusiwe wa kwanza kumwonjesha raha ya kubashiri bila kumwonyesha hesabu yake.

Umeme ukikatika mchezo ukiwa katikati, msigombane. Swali hilo hilo, namna ya kugawana dau la mchezo uliokatizwa, ndilo waliloandikiana barua Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, mwaka 1654, na barua zile zikawa msingi wa hisabati ya uwezekano. Mfano wa Pascal ulikuwa hivi: wawili wameweka 32 kila mmoja, jumla 64, wa kwanza kufikisha ushindi mara tatu anachukua zote. Mmoja ana mbili, mwenzake ana moja, mchezo unakatizwa. Pascal akasema, tazama raundi ambayo ingefuata. Mwenye mbili akishinda, anachukua 64. Akishindwa, wanalingana, kila mmoja ana haki ya 32. Kwa hiyo 32 ni zake vyovyote iwavyo, na zile 32 nyingine zina nafasi sawa kwa wote wawili, wazigawe nusu kwa nusu. Yeye 48, mwenzake 16. Washa mshumaa, fanyeni hesabu hiyo pamoja; ni nzuri ajabu, na hata wasiopenda karata huvutiwa nayo.

Saa ikifika, benki ihesabiwe ya kwanza, kwa sauti, ili kila mtu asikie ilianza na ngapi na imemaliza na ngapi. Kisha fanya mnada. Mwenyeji awe ameandaa zawadi ndogo ndogo: doti ya khanga, pakiti ya korosho, kitabu, kopo la asali. Wageni wanazinunua kwa vizibo vilivyobaki, na asiye na kizibo hata kimoja asiondoke mikono mitupu, apewe angalau ubuyu. Zawadi zote zitoke mfukoni mwa mwenyeji, asichangishe mtu.

Maana atatokea mmoja, na mara nyingi ni rafiki wa karibu, atasema: “Jamani, tuweke hata elfu moja moja, inoge.” Mwenyeji awe na jibu tayari. Kwa Tanzania Bara tuna Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na Bodi yake, na anayeendesha kamari ya pesa sharti awe na leseni, kwa hiyo sebule haina ruhusa hiyo. Lakini sebuleni sidhani kama utahitaji kutaja sheria. Mwambie: “Ndugu yangu, njoo ukae benki raundi tano, halafu uniambie kama bado unataka kuweka elfu yako upande ule.” Mpishe kiti, mpe daftari, tikisa kikapu.